Wazazi wenye watoto wa himofilia, huo mto chini ya goti ndo unawapinda watoto. Tuongee mazoezi

fizio_kanda (mleta uzi)

Habari za saa hizi wakuu. Huu uzi ni mrefu kidogo, naomba kama una mtoto, mdogo wako au mjomba mwenye himofilia usome mpaka chini alafu uulize, nitajibu nikitoka wodini.

Mimi ni mfiziotherapia, niko hospitali moja ya rufaa. Katika wagonjwa wote wanaokuja kwetu kwenye utengamao, hawa watoto wa himofilia ndo wananiuma zaidi, mana mara nyingi wanaletwa kwangu kiungo kikiwa kimeshaharibika. Mtoto yuko darasa la tano, goti limejikunja halinyooki, anakanyagia vidole upande mmoja, paja la mguu ule limekonda ukiliweka pembeni ya mwenzake unadhani ni la mtoto mwingine. Ukimuuliza mama anakwambia kila goti lilipovimba tulikuwa tunamlaza, tunamwekea mto chini ya goti, akae hivyo hivyo mpaka lipone. Mama kamhudumia mwanae kwa mapenzi yote kabisa, tatizo hakuna aliyemkalisha chini akamwambia kwamba damu ikishasimama kazi ndo kwanza inaanza.

Kwa wasioujua huu ugonjwa, mtu anazaliwa na upungufu wa protini inayogandisha damu, tunaita fakta. Fakta namba 8 ikipungua ni himofilia A, namba 9 ikipungua ni himofilia B. A ndo nyingi, inakadiriwa mtoto wa kiume 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa. Mwenye chini ya asilimia 1 ya fakta ndo tunaita kali, huyo anaweza kuvuja damu ndani bila hata kujigonga, kaamka tu asubuhi goti limejaa. Wengi hugundulika kwenye tohara damu ikikataa kukata, wengine wanapoanza kutambaa wakiwa na mavilio ya damu kila mahali. Watu wanaogopa kidonda cha nje lakini damu nyingi ya himofilia inavujia ndani ya viungo, na magoti, viwiko na vifundo vya miguu ndo vinaumia kuliko vingine vyote.

Sasa kwanini goti linajikunja? Damu ikiingia ndani ya kiungo inatafuta nafasi, na goti linakuwa na nafasi kubwa zaidi likiwa limekunjwa kidogo, kwahiyo mtoto mwenyewe analikunja bila kuambiwa kwasababu hapo ndo maumivu yanapungua. Siku ile ya kwanza mwache alale alivyojipata, hilo halina ubishi. Shida ni pale maumivu yamepungua, uvimbe umeanza kushuka, na mto bado upo, siku zinakwenda, msuli wa nyuma ya paja unafupika, ule wa mbele unalala usingizi. Na msuli wa mbele ya paja ukilala hauamki wenyewe, unakonda haraka ajabu, ndani ya wiki tu unaona tofauti kwa macho. Mtoto anasimama na goti lisilo na mlinzi, akikanyaga vibaya kidogo linavuja tena. Analazwa tena, mto unarudi tena.

Na kila damu inapoingia inaacha madini ya chuma kwenye ule utando wa ndani ya kiungo, utando unavimba, unaota vimishipa vidogo vidogo ambavyo navyo vinapasuka kirahisi, kwahiyo kiungo kilichovuja mara nyingi ndo kinazidi kuvuja. Kiungo kikivuja chenyewe mara 3 au zaidi ndani ya miezi 6 sisi tunakiwekea alama nyekundu, hicho kinahitaji kupambaniwa kabla gegedu, yaani ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, haijaliwa. Gegedu ikishaliwa hairudi wakuu, hapo tunabaki kutunza kilichobaki.

Kwahiyo mpangilio wangu ni huu. Kiungo kimeanza kuvuja, mtoto atakwambia kabla hujaona uvimbe, anasema kunatekenya, kuna joto, kunajaa. Muamini. Kumchoma sindano ya fakta ndo kitu cha kwanza, mapema iwezekanavyo, usisubiri livimbe ndo uamini. Apumzike, mguu uinuliwe, bandeji ya kuvutika isibane sana. Barafu ukiweka izungushie kitambaa na isizidi dakika 15 mpaka 20, inapunguza maumivu ila usidhani inasimamisha damu. Maumivu yakianza kushuka, mara nyingi siku ya pili hivi, ndo zoezi la kwanza linaanza hapo hapo kitandani. Kunja taulo ndogo, weka chini ya goti, mwambie alikandamize taulo kwa kukaza paja, ahesabu taratibu mpaka 5, aachie. Mara 10, apumzike, baadae tena. Goti lenyewe halijongei, ni msuli tu unakaza. Weka mkono wako juu ya paja usikie kama kweli unakaza, mana watoto wengi wanakaza makalio na kukunja uso tu ukadhani zoezi linafanyika kumbe paja limelala.

Kila siku punguza unene wa ile taulo kadri goti linavyokubali, mpaka kisigino na goti vyote vilale kwenye godoro. Kulikunja na kulinyoosha afanye mwenyewe kwa nguvu zake. Usimsukumie. Asikanyage kwa uzito wote mpaka aweze kuinua mguu mzima umenyooka bila goti kulegea, kabla ya hapo atumie magongo.

Na tafadhali sana, KUCHUA HAPANA. Kiungo kilichovuja hakichuliwi, hakikandwi na maji ya moto, hakichanjwi chale. Na sindano ya diklofenaki ya kwenye tako hapana. Nimeona mtoto kaenda duka la dawa na maumivu ya goti akarudi na goti lile lile na tako limejaa damu. Sindano za kwenye msuli ni marufuku kwao, na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki za vidonge nazo zinazidisha kuvuja. Panadol ndo rafiki yao.

Karibuni kwa maswali.

mama_wa_mapacha

Ahsante sana mkuu Mungu akubariki. Nina wanangu wawili mapacha wana himofilia A wote, niko Mwanza. Mmoja alivuja kwenye shavu la mguu mwezi wa tano, uvimbe umeisha lakini mpaka leo hakanyagi kisigino anatembea na vidole, shemeji yangu anasema anadeka. Naomba kujua kama ni kudeka au kuna tatizo

fizio_kanda

Mama mapacha hadeki huyo. Damu ikivuja kwenye shavu la mguu msuli unajikaza na kufupika, na ukifupika unavuta kisigino juu, hata akitaka kukanyaga hawezi. Mwangalie hivi, alale chali goti limenyooka, mwambie avute vidole vya mguu kuelekea usoni kwake, alafu fanya na mguu mzima ulinganishe. Kama ule mbovu hauji, ni msuli. Mpeleke kwa fizio wiki hii usingoje. Tutamnyoosha pole pole, tunaweza kumtengenezea banzi la kulala nalo usiku linaloshikilia kifundo, na mchana tunampa kiatu chenye kisigino kilichoinuliwa kidogo ili aweze kukanyaga mguu wote wakati msuli unarefuka, tunakuwa tunapunguza ule urefu taratibu. Kinachoharibu ni mtu kumkamata mguu na kuusukuma kwa nguvu, msuli unachanika upya na damu inaanza moja.

babu_kiraka

Mleta mada na heshima zote, mimi nimekulia kwa babu yangu alikuwa anachua watu wanapona na wanatembea. Hamuoni kama mnadharau tiba zetu? Mtu kateguka unamwambia asichuliwe atapona na nini

fizio_kanda

Babu kiraka nakuheshimu na sijamdharau mzee wako. Mtu mwenye damu inayoganda kawaida akichuliwa, vimishipa vinavyopasuka vinajifunga vyenyewe. Huyu havijifungi, kila msuguo unafungua upya mahali palipokuwa panajaribu kupona. Mzee anaweza kuwa na mikono mizuri kabisa ila kwa mgonjwa huyu mmoja mikono hiyo hiyo inamuumiza. Familia ikitaka mzee ashiriki, na mimi napenda ashiriki, mzee akae pembeni ahesabu mazoezi ya mjukuu asubuhi na jioni, watoto wanawasikiliza wazee kuliko sisi wa koti jeupe.

kiwiko_kigumu

Mkuu mimi ni mtu mzima miaka 34 nina himofilia kali, viwiko vyote viwili havinyooki. Cha ajabu kukunja nakunja vizuri nakula vizuri ila kugeuza kiganja kiangalie juu siwezi, nikipewa chenji dukani napokea kwa kupindisha bega zima watu wananishangaa. Kuna mazoezi ya kurudisha au ndo basi? Na kila nikiumwa nashindwa kujua kama ni damu mpya au ni uzee wa kiungo, fakta zenyewe unajua zilivyo za kubahatisha sitaki kuzitumia hovyo

fizio_kanda

Kaka pole sana. Hiyo ya kiganja naijua, ndani ya kiwiko kuna mfupa mdogo wa mviringo unaozunguka unapogeuza mkono, na kwa watu waliovuja utotoni ule mfupa unakua mkubwa kuliko kawaida yake unakwama. Sitakudanganya kwamba mazoezi yatarudisha mzunguko wote. Yanachoweza ni kulinda ulio nao na kuimarisha misuli ili kiwiko kisivuje ovyo. Shika kitu chepesi kama mwiko wa ugali katikati, kiwiko umekibana ubavuni, geuza taratibu kulia na kushoto mpaka unapohisi kimegota, usilazimishe zaidi ya hapo. Na kubeba ndoo kwa mkono ulionyooka ukining'inia punguza, kiwiko kibovu kinachukia kuvutwa.

Kuhusu kutofautisha, damu mpya inakuja na joto, inatekenya, inajaa, na maumivu yanapanda hata ukiwa umetulia, saa zinavyokwenda unazidi kupoteza ule mjongeo uliokuwa nao jana. Kiungo kilicholika kinakuwa kigumu asubuhi alafu ukikitumia kidogo kinalainika, kinauma baada ya kazi na kikipumzika kinatulia. Ukiwa na wasiwasi kabisa kama ni damu au la, ihesabu ni damu uwahi kliniki. Ila kitu cha kukusaidia zaidi ni mfiziotherapia akupime siku ambayo huumwi, aandike goti linanyooka nyuzi ngapi, kiwiko nyuzi ngapi, ili siku ukija unaumwa tuwe na cha kulinganisha. Sisi tuna kipimo cha himofilia kabisa, tunapima viungo sita, magoti mawili, viwiko viwili na vifundo viwili, tunaangalia uvimbe, nguvu ya msuli, mjongeo, jinsi unavyotembea. Kliniki ambayo haijakupima hata mara moja kwa mwaka idai, ni haki yako.

Koech_wa_mlimani

Hamjambo nyote, mimi natoka Kenya, Uasin Gishu. Kijana wangu anahudhuria kliniki pale Moi Eldoret na hayo ya taulo ndiyo walitufunza pia. Swali langu ni hili, kuna wakati alilia anaumwa na tumbo chini upande wa kulia na akawa hawezi kusimama wima, zahanati ya kwanza wakasema ni apendiksi wakataka apasuliwe. Mama yake alikataa katakata tukakimbia Eldoret wakasema ni damu ndani ya msuli. Naomba ueleze wazazi hii kwa sababu tungepasua huyo mtoto tungempoteza.

fizio_kanda

Mzee Koech mpe mama pongezi zangu, kaokoa maisha. Nilitaka kuianzishia uzi wake hii.

Wakuu kuna msuli mkubwa uko ndani kabisa, unaanzia kwenye uti wa mgongo unapita ndani ya nyonga unakuja kushika juu ya paja, ndo unaoinua goti ukipanda ngazi. Ukivuja damu mgonjwa anaumwa kinena au tumbo la chini, analala paja limekunjwa hataki kabisa linyooshwe, na ngozi ya mbele ya paja inaweza kufa ganzi kwasababu damu inabana mshipa wa fahamu uliopo pale. Ikitokea upande wa kulia inafanana mno na apendiksi. Kwahiyo mtoto mwenye himofilia akiumwa tumbo la chini kitu cha kwanza kumwambia daktari ni HUYU ANA HIMOFILIA, fakta kwanza, alafu altrasaundi iamue. Msuli huu unaficha damu nyingi sana, mtu anaweza kuishiwa damu bila hata tone kuonekana nje.

Na kwenye mazoezi huu ndo msuli nausubirisha kuliko yote. Kulala kitandani kabisa, kutembea hapana, hata choo aletewe kitandani ikibidi. Tunaanza pale maumivu yameisha na akiwa ameshachomwa fakta, tunanyoosha nyonga kidogo kidogo, ukiharakisha unavuja tena na mara ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza.

Mwingine wa kuogopa ni kigasha, hapa kati ya kiwiko na kiganja. Pakijaa damu na vidole vikaanza kufa ganzi au ukimnyoosha vidole anapiga kelele, hiyo ni dharura ya usiku huo huo, mkono unaweza kukunjamana ukabaki hivyo maisha yote.

mama_wa_mapacha

Mkuu samahani nauliza tena, huku kuna wakati tunaambiwa fakta zimeisha mpaka waletewe. Sasa kipindi hicho mazoezi tuache? Na wanapenda mpira hawa, nawafungia ndani wanalia mpaka na mimi nalia

fizio_kanda

Usiache mama. Fakta nyingi za nchi zetu zinakuja kwa msaada kupitia Shirikisho la Himofilia Duniani, kwahiyo kukatika kupo. Fakta zikikata ndo misuli inahitajika zaidi, ila unashusha gia, mnabaki na yale ya kukaza msuli bila kiungo kujongea, na kunyanyua mguu wenyewe bila uzito wowote. Zoezi likileta maumivu ndani ya kiungo mnasimama. Wakivuja kipindi hicho wahini hospitali hivyo hivyo, kwa himofilia A kuna krayo inayotengenezwa kutokana na plazma (yale maji ya damu) ya wachangia damu, ina fakta 8 ndani. Wenye himofilia B krayo haiwasaidii mana haina fakta 9, wao wanapewa plazma yenyewe.

Zikiwepo, omba kliniki iwapangie sindano wachomwe kabla ya kipindi cha mazoezi mazito, na uliza kuhusu kinga ya kudumu, yaani kuchomwa kwa ratiba kabla hawajavuja. Huko Sweden walianza mtindo huo tangu 1958, na utafiti wa Marekani uliotoka 2007 ukaonyesha watoto waliopewa kinga tangu wadogo, asilimia 93 viungo vyao vilikuwa salama kwenye kipimo cha picha cha MRI, wale waliosubiri mpaka wavuje ni asilimia 55. Siku hizi kuna na emisizumabu, inachomwa chini ya ngozi, wiki moja, mbili au hata nne kwa sindano moja, ni ya himofilia A peke yake. Ni dawa nzuri sana ila isiwafanye muache mazoezi, inazuia damu mpya, goti ambalo limeshapinda hailinyooshi.

Mpira wa mechi wa kukabana kwa watoto wasio na kinga siruhusu, kupiga vichwa siruhusu hata wakiwa nayo. Lakini usiwafungie ndani mama yangu, mtoto aliyefungiwa ndani anakuwa mnene na misuli dhaifu na uzito wote huo unakuja kukaa kwenye goti. Wapige danadana wenyewe wawili taratibu, baiskeli ni nzuri sana kiti kiwe juu ya kutosha goti lisijikunje mno. Kuogelea ndo mchezo bora kwao kuliko yote mana maji yanabeba uzito, ila kwa vile uko Mwanza, ziwani kuna kichocho, tafuta bwawa. Na kila asubuhi wakipiga mswaki wasimame mguu mmoja mmoja wakishindana nani hayumbi, hilo linafundisha kifundo kujishika chenyewe. Watoto wanalipenda kwasababu ni mashindano.

kiwiko_kigumu

Mkuu na wale tulioko mbali na Muhimbili tukienda hospitali ya wilaya fizio mwenyewe anasema hajawahi kumuona mgonjwa wa himofilia anaogopa kunigusa

fizio_kanda

Muelewe, anaogopa kukuumiza, huyo ni mtu mzuri wa kuanza nae. Mwambie mambo machache tu, asivute kiungo kwa nguvu, asikuchue, asiweke mashine za joto kwenye kiungo kinachovuja, aanze na kukaza misuli, na awasiliane na kliniki yako ya himofilia kabla ya kukupangia programu. Miongozo ya Shirikisho la Himofilia Duniani ya 2020 ipo bure mtandaoni, ina sehemu nzima ya misuli na viungo, aisome. Pia Chama cha Himofilia Tanzania ongea nao, wanajua nani yuko wapi. Mimi mwenyewe nikipata ujumbe wa fizio mwenzangu hapa jamvini namjibu, hata saa sita usiku.

mwl_wa_msingi

Nimesoma kimya kimya mpaka huku. Mimi ni mwalimu, ninae mwanafunzi wa hivi darasa la tatu na wazazi wake walileta barua ya daktari. Nimekuwa nikimkalisha darasani wakati wa michezo na sikumchapa kabisa. Kuna kingine nifanye?

fizio_kanda

Mwalimu nakushukuru mno, hasa hilo la fimbo, mana fimbo moja ya paja inaweza kumlaza wiki kadhaa. Ila kwenye michezo mtoe nje na wenzake. Mpe kazi za kutembea, kurusha mpira wa mikono, kunyoosha viungo mnapoanza, kukimbia taratibu kama siku hiyo hana maumivu. Akikwambia mwalimu mguu unatekenya, usimwambie vumilia kipindi kiishe, mkalishe mguu juu ya dawati na mpigie mzazi muda huo huo. Begi la madaftari yote asibebe, aache mengine shuleni. Na akirudi baada ya kuumwa anachechemea, muulize kama fizio kamruhusu kukanyaga au kakimbia magongo kwasababu wenzake wanamcheka, hiyo inatokea sana. Ongea na darasa mapema, kabla hajarudi na magongo.

Mama mapacha nimekuona inbox, tuma picha ya mguu akiwa amesimama, moja kwa mbele na moja kwa nyuma, kisigino kionekane vizuri.